Seti ya pili iliyobadilika rangi: kisa cha mpira wa wavu ukumbini jioni

Nianze na fremu tatu kwanza maana ndo zilizonifanya nikae chini niandike hii yote. Msichana ni huyohuyo, jezi namba 7, kuruka ni kulekule, fremu zimefuatana na sekunde moja haijaisha, kamera iko kwenye M (yaani mipangilio naiweka mwenyewe) na sijagusa kitu. Ya kwanza iko safi, jezi nyeupe, ngozi ina rangi yake. Ya pili imeshuka mwanga yote na kuwa ya kahawia kama imepigwa kupitia chupa ya bia. Ya tatu ndo iliniuma zaidi, nilikuwa nimeshika kamera wima na uso umegawanyika, kushoto mweupe safi, kulia kahawia, mpaka unapita karibu na pua. Mkono uko juu, mpira uko pale unapotakiwa, macho yako kwenye mpira, yaani ni picha ambayo ikikupita huipati tena, na haifai kwa lolote.

Ilikuwa mechi ya wanawake, ukumbi wa chuo kimoja hapa Dar. Kocha wa timu ngeni alinipigia siku chache kabla akaniambia kaka, nataka kila mchezaji awe na picha moja nzuri akiwa hewani, baadhi yao wanatafuta nafasi kwenye vilabu vya nje na picha za simu haziwasaidii, mtu akiangalia haoni hata kama huyu anaruka au ameteleza. Nikamwelewa kabisa. Kwa dada anayetafuta nafasi, picha inayoonyesha kiwiko kiko juu kiasi gani na mkono umevuka wavu kwa kiasi gani ni sehemu ya maombi yake. Wavu wa wanawake ni mita 2.24, kocha wa mbali akiona picha anajua hapohapo huyu anafika wapi.

Nikafika ukumbini saa tisa na nusu, mechi ilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni. Ukumbi wenyewe uko hivi: upande wa jukwaa wamefunga LED mpya nane, upande wa mlangoni zimebaki zile taa za zamani sita zenye kofia kama kengele, fundi anaziita metali halaidi. Wavu uko karibu katikati, kwa hiyo nusu ya uwanja inakula taa mpya na nusu nyingine taa za zamani. Alafu kuna madirisha ya juu marefu upande wa magharibi, na saa hizo jua lilikuwa linaingia vizuri tu. Nikapiga picha za kujaribu kama hamsini, wachezaji wakipasha misuli, pande zote mbili, shata 1/1000 (inafunguka sehemu moja ya elfu ya sekunde), f/2.8 (tundu la lenzi, namba ikiwa ndogo mwanga unaingia mwingi), ISO 3200 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), nikaangalia kwenye skrini, poa. Rangi iko sawa, mwanga uko sawa. Nikakaa nikanywa maji nikijua kazi imeshaisha nusu.

Kosa la siku nzima liko hapo, ntalirudia baadaye.

Kwanza kwa nini 1/1000, maana watu wengi wananiuliza kwa nini nisishushe shata nipate mwanga. Chukua mpira uliopigwa smashi ya kawaida, tuseme kilomita 90 kwa saa, hiyo ni mita 25 kwa sekunde. Kwa 1/1000 mpira unasogea sentimita mbili na nusu wakati shata iko wazi, unaonekana wa duara, mishono unaiona. Kwa 1/500 unasogea sentimita tano, bado unavumilika. Kwa 1/250 unasogea sentimita kumi, na mpira wenyewe upana wake ni kama sentimita 21, kwa hiyo umeshavutika nusu ya mwili wake, unakuwa kama yai lenye mkia, na kiganja cha mpigaji kinapotea kabisa. Mwili wa mchezaji ni kitu kingine, akifika kilele cha kuruka anakuwa ametulia hewani kwa muda mfupi, hapandi wala hashuki, hapo hata 1/400 unampata kiwiliwili na uso. Lakini mkono unaopiga hautulii, na kocha alitaka mkono.

Kamera yangu ni Canon 7D Mark II niliyoinunua mtumba, inapiga fremu 10 kwa sekunde, kwenye giza siyo mfalme ila fokasi yake naiamini. Lenzi nilikuwa na ya milimita 70-200 ya f/2.8 ya kuazima kwa rafiki, na ya milimita 85 ya f/1.8 yangu mwenyewe. Flashi niliiacha kwenye begi na sikuitoa hata mara moja, mpokeaji anayengoja mpira unaomjia kwa kasi ile huwezi kumpiga mwanga machoni, hata kama refa hajasema kitu.

Seti ya kwanza ilienda vizuri. Nilikaa pembeni ya jukwaa, nyuma ya kona, nikamlenga seta, yule anayemwinulia mpigaji mpira, alafu nikahamia kwa mpigaji. Jua lilipoanza kushuka nikapandisha ISO hadi 4000, baadaye 5000. Rangi ilianza kubadilika kidogo kidogo, nikasema ni jua la jioni tu hilo, ntarekebisha nyumbani.

Seti ya pili ilianza saa kumi na mbili na madirisha yalikuwa yameshafifia, nikawa kwenye ISO 6400. Timu zimebadilishana upande kama kawaida ya mpira wa wavu kila seti ikiisha, wale wasichana wangu wa timu ngeni sasa wako upande wa mlangoni, chini ya zile taa za kengele. Nikapiga mfululizo wa kwanza, nikatazama, fremu tano nzuri tatu za kahawia. Nikapiga tena, nzuri mbili mbaya sita. Hakuna mpangilio wowote. Nikadhani kamera inakufa, mtumba huo, nikajua shata imechoka. Nikabadilisha betri. Nikabadilisha memori kadi. Nikatoa lenzi ya kuazima nikaweka yangu, hivohivo. Nikahamisha kipimo cha rangi kutoka kwenye auto nikaweka namba mwenyewe, kahawia iko palepale. Nikashusha shata hadi 1/250, hapo rangi ikatulia kidogo, siyo kabisa, lakini mipira yote ikawa mayai na viganja vikapotea. Muda wote huo namba 7 anaruka, anapiga, anaruka, anapiga, yaani alicheza dakika kumi na tano bora za maisha yake mbele yangu na mimi nimeinama nabadilisha betri.

Matokeo yakiwa 14 kwa 11 umeme ukakatika.

Giza, kelele, simu zinawaka tochi. Baada ya kama dakika mbili umeme ukarudi, na hapa ndo kisa kinapogeuka. Zile LED nane ziliwaka hapohapo. Zile za kengele hazikuwaka. Taa za aina ile zikizimika zikiwa moto haziwaki tena mpaka zipoe, ni dakika kumi hivi au zaidi, hata umeme uwe umerudi. Refa akaamua kusubiri taa zote, wachezaji wakahamia upande wa jukwaa wasipoe misuli, wakawa wanapigiana mipira. Nikapiga kwa mazoea tu. Mwanga ulikuwa umepungua karibu nusu, nikaweka ile 85 kwenye f/2 nikabaki na ISO 6400 na 1/1000. Nikapiga fremu arobaini hivi mfululizo. Nikaziangalia. Zote rangi moja. Arobaini zote! Kamera ileile, shata ileile, kadi ileile, mwanga umepungua na picha zimekuwa nzuri zaidi.

Basi kumbe kamera haikuwa na shida. Shida ilikuwa zile taa za kengele, na niliielewa nimesimama palepale nikizitazama zikianza kupata rangi taratibu, kwanza zambarau hivi, alafu kijani, alafu nyeupe.

Nieleze vizuri maana hapa wengi tunapotea. Umeme wetu ni hezi 50, unapanda na kushuka, na taa ya aina ile inaufuata, kwa hiyo inapepesa mara 100 kila sekunde. Macho hayaoni. Kila pepeso inachukua milisekunde 10, katikati yake taa iko kali na nyeupe, pembeni yake imefifia na rangi imeenda kwenye kahawia. Ukipiga kwa 1/100 unakula pepeso nzima, kila fremu inapata kali na hafifu pamoja, zote zinafanana. Ukipiga kwa 1/1000 unachukua kipande kimoja cha kumi cha ile pepeso, na ni bahati tu kama umechukua cha juu au cha chini. 1/250 ni karibu nusu yake, ndo maana rangi ilitulia kidogo bila kutulia kabisa. Na ule uso uliogawanyika? Shata ina mapazia mawili, na kwenye kamera yangu ukipita 1/250 pazia la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua, kwa hiyo kinachopita mbele ya sensa ni ufa tu, ufa mwembamba unaosafiri kutoka upande mmoja wa picha hadi mwingine kwa milisekunde kama nne. Wakati ufa unaanza safari taa ilikuwa kileleni, ulipofika mwisho taa imeshashuka. Kamera ikiwa mlalo mgawanyiko unakuwa juu na chini, mimi nilishika wima ndo ukawa kushoto na kulia, katikati ya uso wa mtu.

Sasa lile kosa la saa tisa na nusu. Jua halipepesi. Nilipojaribu, mwanga mwingi ulikuwa unatoka madirishani na ulifunika kabisa pepeso za taa, na kadri jua lilivyozama ndivyo taa zilivyobaki peke yake na tabia yake ikaonekana. Nilipima wingi wa mwanga wa saa tisa kwa mechi ya saa kumi na mbili. Nilitakiwa nifunge mapazia ya madirisha kwa dakika tano kama yapo, au nilenge kona ambayo jua halifiki, nipige ukuta mweupe fremu ishirini kwa 1/1000 alafu nizipitishe haraka haraka kwenye skrini. Ukuta ukibadilika rangi umeshajua. Hata simu inatosha, video ya slomo ya fremu 240 ielekeze kwenye taa, inayopepesa utaiona inapepesa. Na usiziamini LED kwa sababu ni mpya, zile za bei rahisi nyingine zinapepesa vibaya kuliko za kengele, za ukumbi ule zilikuwa na draiva (kifaa kinachoilisha taa umeme) nzuri tu, ni bahati yetu.

Taa zikawaka zote, seti ikaendelea palepale 14 kwa 11. Nikaingia kwenye menyu nikawasha ile sehemu ya kuzuia pepeso, hiyo kamera ilitoka 2014 nayo na mimi nilikuwa sijawahi kuigusa kwa sababu mechi zangu nyingi ni za nje. Inavyofanya kazi ni kwamba kamera inasoma pepeso, alafu inachelewesha kidogo sana kila fremu ili shata ifunguke taa ikiwa kileleni. Fremu kwa sekunde zinapungua na kidole unakisikia kizito, lazima ubonyeze mapema kidogo, seta anapoachia mpira na siyo mpigaji anapoupiga. Kwenye fremu kumi sasa nikawa napata saba nane zinazofanana. Zilizobaki zilikuwa na kivuli cha rangi upande mmoja wa mwili, na sababu yake sikuijua siku ile.

Kipimo cha rangi nacho nilikichukua upya, karatasi nyeupe, nikaipiga kwa 1/1000 ileile na kizuia pepeso kikiwa kimewashwa, maana rangi ya taa ikiwa kileleni siyo ile unayoipata ukipiga karatasi kwa shata ya taratibu.

Lakini uamuzi mkubwa wa jioni ile haukuwa wa menyu, ulikuwa wa miguu. Timu zinabadilishana upande kila seti, na ikifika ya tano wanabadilishana tena pointi ya 8, kwa hiyo kila mchezaji atapita chini ya taa nzuri, ni suala la kungoja zamu yake. Nikajigawia kazi hivi: wasichana wangu wakiwa upande wa jukwaa napiga smashi, bloku, mambo ya hewani, yote 1/1000. Wakiwa upande wa mlangoni naachana na smashi, nashusha shata hadi 1/100 nisubiri mpira ufe. Maana wakipata pointi wanakusanyika katikati wanakumbatiana, na watu waliokumbatiana wanatulia, 1/100 inawatosha ukishika kamera vizuri, rangi inakuwa moja kila fremu na ISO unaishusha hadi 1000 hata chini ya hapo, ngozi inatoka laini kabisa. Nimepata pale picha ya libero (mchezaji wa nyuma anayelinda tu) amefumba macho kashikwa kichwa na kapteni wake, jasho linaonekana tone kwa tone kwenye paji la uso, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote za siku ile hata kama hakuna mpira ndani yake.

Kingine ambacho nakisimamia sana ni nyuso. Wachezaji wetu ni weusi, jezi nyeupe, ukuta wa ukumbi wa krimu. Ukiiachia kamera ipime yenyewe itaangalia ukuta na jezi itasema mwanga upo wa kutosha, na uso utatoka shimo. Mimi napima shavu. Namlenga mtu amesimama benchi, naangalia uso wake kwenye skrini kwa kuvuta karibu, nikiona macho na mstari wa taya basi hiyo ndo ekspoja yangu, jezi ikikaribia kuungua poa tu mradi haijaungua. Kuna wanaoogopa chenga, zile punje punje za ISO kubwa, wanapiga ISO 1600 ikiwa giza alafu wanainyanyua kwenye kompyuta, sikubaliani nao hata kidogo kwa kazi hii, chenga mbaya kuliko zote ni za uso mweusi uliopigwa gizani ukanyanyuliwa baadaye, zinatoka na madoa ya zambarau na kijani kwenye mashavu. Bora ISO 6400 iliyoshiba mwanga. Mtu asiandike maombi ya klabu na picha ambayo uso wake haujulikani.

Fokasi nayo ilinipa tabu kidogo, wavu. Kamera inapenda wavu kuliko mtu, una mistari mingi iliyosimama wima. Nilitumia nukta moja ya fokasi na jirani zake nne, nikapunguza wepesi wa kuhama ili kitu kikipita mbele isikirukie, na nikawa namshika mpigaji tangu anaanza mbio nyuma ya mstari wa mita tatu, siyo akishafika wavuni. Kwa f/2 na lenzi ya 85 kwa umbali wa mita tisa hivi unapata kina cha chini ya mita moja tu, ukiwahi wavu umempoteza mtu.

Nyumbani nilikaa na fremu elfu moja na mia mbili na kidogo. Zile za mwanzo wa seti ya pili nilijaribu kuziokoa. Za kahawia yote zinaokoka, unarekebisha rangi na mwanga moja moja, ni kazi ya usiku mzima ila inawezekana. Za nusu kwa nusu haziokoki kwa namna ninayoikubali, ukirekebisha kushoto unaharibu kulia, na kuchora mpaka kwa mkono juu ya uso wa mtu kunaonekana. Nilijaribu nyeusi na nyeupe, mwanga bado umegawanyika. Nikazifuta zote isipokuwa ile ya namba 7. Chenga nilizipunguza na kile kifaa cha Lightroom kilichokuja 2023, kinataka RAW (faili ghafi la kamera) na kwenye laptop yangu kinakula dakika kadhaa kwa picha moja, na sikukivuta hadi mwisho, ukikizidisha ngozi inakuwa plastiki na vinyweleo vinapotea.

Nilimpelekea kocha picha 64. Wachezaji kumi na mmoja kati ya kumi na wawili wana picha ya hewani. Wa kumi na mbili ni namba 7. Seti ya tatu, akiwa upande mzuri, alikaa benchi na kifundo cha mguu, na hakurudi uwanjani. Nilimpigia mwenyewe nikamweleza, nikamwambia dada, kosa ni langu, sikujua taa. Akasema sawa kaka, mechi ya marudiano nipo.

Wiki iliyofuata nilirudi ukumbini nikamwomba fundi wa pale anionyeshe boksi la taa. Akanifungulia. Umeme unaingia kwa fezi tatu, na fezi tatu zinapepesa kwa kupokezana, moja ikiwa chini nyingine iko juu, kwa hiyo taa zikigawanywa mbili mbili kila fezi zinafunikiana na kupepesa kunapungua sana. Zile sita, nne zimefungwa fezi moja, mbili fezi nyingine, ya tatu haina hata moja. Hapo nikapata jibu la vile vivuli vya rangi, kamera ilikuwa inasubiri kilele cha zile nne na zile mbili za pembeni zina kilele chao saa nyingine. Nikamwuliza kama anaweza kuzigawanya. Akasema kuna choki mbili (vifaa vinavyodhibiti umeme wa taa zile) anazobadilisha mwezi huu, akipanda juu kwa ajili hiyo atahamisha na waya, siyo kazi kubwa.

Marudiano ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa kumi na moja na nusu ileile. Nimeshamwomba atuwashie taa usiku wa Ijumaa, saa moja, nikiwa na karatasi nyeupe na mtu mmoja wa kuruka.